Mkoromo Usio na Mapengo

Jumatatu, 3 Machi
Nimeitwa shuleni. Aibu tupu. Mwalimu wa darasa la pili anadai binti yangu Chiriku anasinzia kwenye dawati, akiamshwa anawapiga wenzake, na alichofundishwa asubuhi, mchana hana habari nacho. Eti tunamwacha akeshe na televisheni. Akiendelea hivyo, atarudishwa darasa la kwanza. Nilipigwa na butwaa. Mtoto analala mapema na anakoroma hadi mlango wa kabati unatikisika! Nikasema nitaleta ushahidi. Yeye ana chaki, mimi ni fundi spika.

Jumanne, 4 Machi
Nimetundika maikrofoni juu ya kitanda cha Chiriku. Mke wangu akauliza kama nimerukwa na akili. Anasema mtoto anahema kwa mdomo, ameanza tena kukojoa kitandani, apelekwe hospitali. Nikamjibu kwamba kukoroma ni usingizi mnono.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Rekodi ina mapengo. Mkoromo, mkoromo, kisha kimya, kisha kishindo kama cha mtu aliyeibuka majini. Waya umelegea, bila shaka. Kwa fundi wa hadhi yangu! Nimeshinda karakana nikiyakata mapengo moja moja. Sasa mkoromo unatiririka bila doa. Vipande vibovu nimeviweka. Fundi hatupi kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Nilibeba spika kubwa hadi ofisi ya walimu, nikafungulia. Karani alishika kioo cha dirisha. Mwalimu akaduwaa, nami nikajua nimemweza. Kumbe wapi. Akasema mtoto wa miaka saba hakoromi hivi, na kabla ya kuamua lolote anataka barua ya daktari. Mwanamke huyu hakubali kushindwa.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari alimchungulia Chiriku kooni, akaomba kusikia rekodi. Nikajisifu kwamba hitilafu zote nimeshaziondoa. Akauliza hitilafu gani. Nikasema ukimya. Akaweka kalamu chini, akataka kuusikia huo ukimya.
Nikamfungulia vipande. Akatazama saa yake. Mke wangu alibana pumzi bila kujijua, akashindwa, akahema. Chiriku wa kwenye rekodi bado. Sekunde kumi na tisa. Daktari akasema maikrofoni haina kosa. Mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zimevimba, zinaziba hewa, mtoto anaacha kupumua mpaka mwili umgutushe, usiku kucha. Ndiyo maana mchana anasinzia, anasahau, ana hasira. Atafanyiwa upasuaji.
Vipande arobaini na kimoja. Nilivikata kwa mkono wangu huku nikipiga mluzi. Nililia palepale kwenye kiti. Chiriku akauliza kama baba naye atachunguliwa koo.

Jumatatu, 31 Machi
Upasuaji ulikwenda salama, wiki mbili sasa. Chumba chake kimya hadi naogopa. Naweka kiganja mbele ya pua yake, napata hewa, naondoka, narudi tena. Asubuhi anaamka akiimba. Mwalimu ameniita: Chiriku harudishwi darasa, ila sasa hanyamazi. Nilimshukuru, japo kwa shingo upande.

Alhamisi, 3 Aprili
Sijawahi kushtuka hivi ndani ya nyumba yangu. Mke wangu amenirekodi nimelala, kwa simu yake, bila ruhusa! Akafungulia mezani wakati wa chai. Mkoromo, mkoromo, kimya, kishindo. Chiriku alihesabu kwa vidole, vikamwishia, akaazima vya mama yake, navyo havikutosha. Sekunde ishirini na mbili. Wakanitazama wote wawili, mke wangu machozi yakimlengalenga. Ameshaniwekea miadi kwa daktari Jumamosi.
Nimewaambia watulie. Maikrofoni ya simu ile ni mbovu, mtoto mdogo angejua. Nimeshaifungua hapa karakana, na rekodi nimeihamisha. Kufika Jumamosi haitakuwa na pengo hata moja.