Mtaalamu wa Kati ya Meno

Tik. Kimya. Tik.

Alfajiri ilikuwa haijaingia, na katika chumba cha kupanga pale Iyunga kitu kilikuwa kinakatwa kidogo kidogo.

"Matano, ni panya?" Amna aliuliza kitandani.

"Ni kazi, mke wangu. Lala."

Amna akawasha tochi ya simu. Mumewe alikuwa sakafuni na kikata kucha, akikata njiti za ufagio wa chelewa, zote urefu mmoja, kama mtu aliyesomea.

"Huo si ufagio wangu?"

"Ulikuwa."

Matano alikuwa ameona mwanya. Juma lililopita watu wa afya walipita na kipaza sauti wakihimiza kila mtu asafishe kati ya meno, si meno tu. Wakaondoka bila kusema atumie kifaa gani. Mwingine angeona wamesahau tu. Matano aliona ajira. Sasa alikuwa na vifaa vitatu: njiti hizo, uzi uliofumuliwa kwenye kiroba, ukapakwa nta ya mshumaa na kunukizwa kwa pipi ya minti, na vibrashi vya wanja vya Amna, ambavyo mkewe alikuwa bado hajajua kuwa havipo.

"Jumamosi wanakuja kumposa binti yetu Bibie," Amna alisema. "Wakwe hawali njiti. Wanataka pilau. Usirudi hapa bila mchele."

"Nitarudi na gunia."

Saa nne alikuwa Ubaruku, ndani ya koti jeupe aliloazima kwa mwenye bucha, mbele ya ghala la Nyamizi, mjane wa Kisukuma ambaye mchele wake ulisifiwa hadi Mbeya mjini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Midomo imekukauka. Kaa kwanza."

Akampa kiti chenye mgongo, yeye akakaa kwenye kigoda. Akaleta uji, akaupoza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, kama mtu anavyompozea mtoto. Matano aliuona wema huo na kuupigia hesabu: kwa mtu mwema hivi, gunia moja ni mwanzo tu.

"Bibi, siku hizi watu wanasafisha kati ya meno."

"Kwa nini?"

Swali hilo alikuwa akilisubiri. Akasimama. Akaeleza wadudu wanaojificha, fizi zinazovimba, harufu inayovunja ndoa. Alieleza mpaka kuku wakasogea kusikiliza.

Nyamizi alimngoja amalize. "Ahsante. Lakini sikuuliza sababu. Nimeuliza wanasafisha kwa nini. Kwa kijiti, kwa uzi, au kwa kidole?"

Matano akakaa, akapanga vifaa vyake mkekani. "Hapo ndipo penye utaalamu. Mwanya mwembamba, uzi. Wa kati, njiti. Mpana, brashi. Ukikosea kuchagua, jino linakwenda. Vyote vitatu nakupa kwa gunia moja tu la mchele. Fungua mdomo nikupime."

Nyamizi akafungua. Meno yalikuwa matatu, kila moja na kitongoji chake.

"Hapo katikati unapita mkokoteni wa ng'ombe," alisema. "Na si wadudu waliofanya hivi. Ni mawe ya kwenye mchele. Mpunga wetu tunauanika chini. Basi, kifaa kinachotoa uchafu kati ya meno hakitashindwa kuutoa kati ya punje. Tujaribu hapo, nijue nichague kipi."

Matano akakunja mikono ya koti. Ungo ukaletwa.

Uzi ulinasa punje mbili na mdudu mmoja. "Huo hapana," Nyamizi alisema. Brashi ilitimua vumbi tu. Njiti ilidokoa jiwe.

"Eh! Imeweza. Lakini ungo mmoja ni bahati. Tujaribu mwingine, nisije nikakuonea."

Wakajaribu mwingine. Na mwingine. Jua liliposogea, alimsogezea kiti kivulini. Mgongo ulipomuuma, alimwekea mto. Alimletea maji ya kunywa, na maziwa ya mgando. Kila wema ulikuja na ungo wake.

Saa tisa akaingia Masanja, mwanawe Nyamizi, akiswaga ng'ombe.

"Mayu, kibarua huyu umempata wapi? Ana mkono mwepesi!"

"Nyamaza, mwanangu. Huyu ni daktari."

"Daktari wa nini?"

"Wa mchele."

Masanja akamkagua. "Mbona koti lina doa la damu?"

"Operesheni," Matano alijibu bila kuinua macho.

Alipoyainua, aliona magunia mawili yaliyojaa mchele safi, na vidole vyake vimevimba. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya kazi halali, na hakuna aliyemwomba radhi.

"Bibi, umechagua?"

Nyamizi alingoja Masanja aende kufunga ng'ombe, asisikie. "Nimechagua. Nitabaki na kijiti changu cha mwarobaini. Hizi zako ni za ufagio, mjukuu wangu. Zinapasuka, zitawachoma watu fizi. Usiwauzie."

Matano akatazama magunia. Akaiona Jumamosi: wakwe wamekaa, sufuria tupu, Bibie anaangalia chini.

"Bibi," alisema, "nina binti, Bibie. Keshokutwa anaposwa, na nyumbani hakuna mchele." Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya kweli tangu asubuhi, na ilitoka kwa shida.

"Ungesema hivyo ulipofika," Nyamizi alijibu, "ningekupa debe kabla ya uji."

Akampimia debe kutoka kwenye mchele alioupembua mwenyewe, akaongeza viganja vitatu juu, akamwita Masanja ambebee hadi barabarani. Matano alifika getini akiwa na deni la shukrani, jambo ambalo hakulizoea.

"Daktari!" Nyamizi aliita kutoka mlangoni. "Posa ikipita, njoo tena kunitembelea. Mlete na mama Bibie, tule naye. Ghala la pili hatujaligusa."