Vitabu Vilivyovishwa Kaki na Yaliyonikuta Nyumbani

Kwa Mwalimu wa Maktaba,
Shule wanayosoma wajukuu zangu.

Binti yangu Mwalimu,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Marahaba. Mimi ndiye mzee wa mashine ya kusaga, ile ya nyuma ya soko, ambayo ngurumo yake huifikia shule yenu na kuwafundisha watoto maana ya kazi. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa siku nne, wala sikusaidiwa na mtu. Kisomo cha watu wazima nilikimaliza nikiwa wa kwanza. Wenzangu wawili hawakuja siku ya mtihani, lakini hilo ni shauri lao.

Nina malalamiko. Nimeyapa namba ili usije ukaruka hata moja.

1. Alipokuwepo mwalimu aliyekutangulia, maktaba ilikuwa na makabati mawili. Nayajua vizuri, maana kamati ya wazazi ndiyo iliyoyabeba, na upande mzito niliushika mimi. Kabati la dirishani lilikuwa la wavulana: injini, vita, safari, wanaume waliopotea jangwani wakala viatu vyao. Kabati la mlangoni lilikuwa la wasichana: kushona, kulea, kupenda, kuachwa. Hakuna mtoto aliyekatazwa kwenda kabati la mwenzake. Alichekwa tu. Ulikuwa utaratibu mzuri, haukuhitaji hata fimbo.

Wewe umekuja, ukavivisha vitabu vyote karatasi ya kaki, ukaandika namba mgongoni, basi. Mtoto anachukua bila kujua kilichomo, na sharti asome kurasa kumi ndipo akirudishe. Mimi hata kwenye mashine sichanganyi nafaka ya huyu na ya yule.

2. Nina mjukuu wa kiume. Jina la Jemedari nilimpa mimi, kwa jinsi alivyokuwa akirusha mateke akiwa mchanga, na ndiye niliyemwandaa kurithi mashine. Huyu kaki yako ilimpa hadithi ya mshonaji aliyeachwa na mchumba, akabaki kulea watoto wa marehemu dada yake. Alipofika ukurasa wa kumi hakukirudisha. Alisoma mpaka akalia mezani mbele ya wageni. Tangu siku hiyo anaosha vyombo bila kutumwa. Anamuuliza mama yake kama amechoka. Mama yake, ambaye ni binti yangu wa kumzaa na hajawahi kuchoka tangu nimjue, sasa anajibu kwamba ndiyo, amechoka.

Hilo ningelimeza. Lakini juzi amenijia mimi, nimekaa zangu kwenye gunia, akaniuliza: "Babu, bibi alikuwa anapenda nini?"

Nikamwambia alipenda kupika. Akaniuliza nilijuaje. Nikasema alipika kila siku. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa. Mwalimu, nimeishi na marehemu mke wangu miaka arobaini na moja bila swali hilo kuulizwa na yeyote, na tulielewana sana.

3. Nina mjukuu wa kike, dada yake huyo. Tunamwita Kimya, na zamani jina lilimfaa. Yeye amepata kitabu cha injini za dizeli. Sasa akitoka shule anasimama mlangoni pa mashine, shingo upande, anasikiliza. Ameniambia puli mbili, yale magurudumu yanayozungusha mkanda, haziko kwenye mstari mmoja, na kwamba ndiyo maana mkanda unalia. Nikamwambia huo si mlio, ndiyo sauti ya mashine yenyewe, na ilikuwa ikilia hivyo kabla mama yake hajazaliwa. Akasema basi imeumwa muda mrefu.

Wateja walisikia. Yule mama muuza vitumbua sasa akileta nafaka yake haniulizi mimi hali ya mashine. Anauliza mtoto atatoka shule saa ngapi. Na mtoto mwenyewe ana grisi nyuma ya sikio. Nani ataoa grisi?

4. Tazama mbele, Mwalimu, kama ninavyotazama mimi. Wasichana wakisoma injini, watatengeneza injini. Wakitengeneza, wanaume watakosa kazi ya kuzisimamia zikiwa zimeharibika. Wakikosa kazi, watasoma zile hadithi za mlangoni. Wakizisoma, watawauliza wake zao maswali. Na wake watajibu. Umewahi kusikia mwanamke akijibu jambo ambalo hakuulizwa kwa miaka thelathini? Nchi nzima itakaa kitako kusikiliza. Nani atalima?

5. Kile kitabu cha mshonaji nilikitaifisha, kiwe ushahidi. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nisiyehukumu kesi bila kuisikiliza, nimekisoma kwa kidole hadi ukurasa wa mia na arobaini, kwa ajili ya uchunguzi tu. Jumatano, pale mshonaji anaporudishiwa barua zake bila kufunguliwa, unga uliniingia machoni. Ni kweli siku hiyo mashine haikuwa inasaga. Unga hukaa hewani muda mrefu.

Kwa hiyo naomba: kaki zote zichanwe. Makabati yarudi, moja dirishani, jingine mlangoni. Jemedari apewe kitabu cha vita, chenye maiti wa kutosha. Na Kimya afutwe maktaba kabisa. Kadi yake nimemnyang'anya leo asubuhi, nayo nimeiweka humu ndani ya bahasha. Hakubisha wala hakulia. Aliivua kwenye kamba ya shingoni, akanipa kwa mikono miwili, na hilo limenikera kuliko kama angebisha.

Nisalimie Mwalimu Mkuu, mlinzi wa getini, mpishi, na wanafunzi wote, wavulana wakitangulia.

Ni mimi mwenye haki yangu,
Mzee wa Mashine.

Tena: Bahasha hii nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa hiyo usishangae ilivyovimba.

Nilikuwa njiani kuileta mkanda ulipochomoka na kugonga ukuta. Fundi niliyemwita alisema mashine imezeeka, akanitazama mimi wakati anasema. Watu walikuwa wamepanga ndoo hadi barabarani. Kimya akatoka shule, akauliza kama anaruhusiwa kufungua kitabu chake cha injini. Mbele ya ndoo zote zile ningesema nini? Akaomba uzi mrefu, aunyooshe kutoka puli moja hadi nyingine aone iliyokaa upande. Jemedari akakimbia kuleta kikasha cha kushonea cha bibi yake, ambacho hakijafunguliwa tangu tumzike.

Puli ilikuwa nje ya mstari kwa upana wa kidole. Akalegeza, akasogeza, akakaza. Sasa mashine inasaga kimya, na watu wanakuja kuniuliza kama nimefunga.

Kadi niliyosema imo humu haimo. Usiitafute, iko shingoni kwake. Anahitaji kitabu cha pili, chenye habari za pampu. Kile cha mshonaji kina kurasa za mwisho zilizochanika. Kama aliolewa au hakuolewa, niandikie nyuma ya barua hii, umpe Kimya ailete, maana Jemedari ataisoma njiani afike na macho mekundu.

Na lile swali lake kuhusu bibi. Kikasha kilikuwa na vigurudumu kumi na vinne vya uzi. Kimoja cheusi, kimoja cheupe, kumi na viwili vya bluu. Nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kuvaa nguo ya bluu. Mimi ndiye niliyekuwa nikinunua vitambaa.

Jumatatu nitakuja mwenyewe kuchukua kitabu, chochote, cha kabati lolote. Changu usikivishe kaki. Tafuta karatasi ya bluu.