Mita Thelathini hadi Wodini

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu akitoka kazini hulala chali sakafuni. Mgongo. Miaka tisa anasukuma mikokoteni ya mashuka kutoka chumba cha kufulia cha hospitali hadi wodini. Basi! Mimi, fundi wa hospitali hiyohiyo, nimemtengenezea roboti ya kuyabeba. Gurudumu lina enkoda, kidude kinachohesabu mizunguko. Ukijua mizunguko, umejua umbali. Mita thelathini, isimame. Fundi mwenzangu, tunayemwita Tepu kwa kuwa haachani na tepu yake ya kupimia, aliuliza kama nimelipima gurudumu. Nikamwambia mimi sipimi, najua.

Jumanne, 4 Machi
Imesimama mita kumi na tano, mlangoni kwa mganga mkuu. Kumbe sentimita ishirini ni kipenyo, upana wa gurudumu zima kutoka ukingo hadi ukingo. Mimi nimeziandika kama nusu yake, basi roboti ikadhani kila mzunguko ni umbali maradufu. Mganga mkuu alikwenda kikaoni akiruka mashuka. Tepu alitabasamu tu. Mtu mbaya!

Jumatano, 5 Machi
Nimerekebisha. Matroni akaja kushuhudia. Mlangoni pa kufulia palikuwa na maji ya sabuni. Magurudumu yakazunguka palepale kama ya gari topeni, enkoda ikahesabu tu. Haijasogea hata hatua moja, ikatangaza kwa sauti yangu niliyoirekodi: "Mashuka yamefika wodini!" Matroni akauliza wodi ipi. Mke wangu akaisukuma mwenyewe hadi mwisho, mkono mmoja kiunoni. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, 6 Machi
Tepu ameshauri enkoda ihamie kwenye kigurudumu cha pembeni kisichoendeshwa na mota: roboti isiposogea, hakizunguki. Nikamjibu wazo hilo nilikuwa nalo. Sikuwa nalo. Nikakataa. Mke wangu akasema kama ni hivyo, atamwomba Tepu mwenyewe aifunge. Nimekubali, kwa sababu za kitaalamu.

Ijumaa, 7 Machi
Imefika! Iliteleza kidogo, ikashika sakafu, ikasimama penyewe. Mke wangu alitembea kando yake mikono mitupu, anacheka. Machozi yalinilenga, nikasingizia sabuni. Matroni alimshukuru Tepu. Haidhuru. Kidogo inadhuru.

Jumamosi, 8 Machi
Sasa matroni anataka ifike wodi ya watoto, baada ya kona. Tepu amejitolea kupima. Nimemkatalia. Umbali nimeshaukadiria kwa macho, kutoka dirishani. Jumatatu wanakuja wakaguzi kutazama. Nimewapangia viti vizuri kabisa, palepale kwenye kona.