Gachanja Anyimwa Kufukuzwa

Gachanja alikuwa anakunywa chai ya rangi karibu na soko la Malindi alipomsikia Bi Ruqaiya akifoka ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanda chake cha kufulia mashuka ya mahoteli. Sauti ile ilimkatiza maneno hata dereva wa tuktuk. Gachanja akatabasamu kama paka aliyesikia kisu kikipaa samaki.

Maana bwana huyu alikuwa na kazi moja tu duniani: kufukuzwa. Aliajiriwa, akaudhi, tajiri akapandwa na mori, akamwambia "Toka!" mbele za watu. Kesho yake Gachanja alirudi na tai shingoni na sheria ya ajira mdomoni. Umenifukuza bila kunisikiliza? Twende mahakamani, au tuelewane? Mwenye baa wa Mtwapa alielewana. Mwenye duka la saruji wa Kilifi alielewana huku analia. Na walistahili: watu wanaojua bei ya kila msumari, lakini hawajapata kusoma ukurasa mmoja wa sheria inayowahusu.

Basi akaomba kazi, akapewa. Siku ya kwanza alifika adhuhuri, akajilaza juu ya mashuka safi na viatu vyake.

Bi Ruqaiya akamtazama, mshipa wa shingo umemtuna. Gachanja akafumba macho, akangoja lile neno tamu.

"Purity," mama akamwita mpiga pasi, "njoo ukae na mwenzio, uwe shahidi. Nataka kumsikiliza."

Chai ikaletwa. "Haya mwanangu, kosa lako ni hili. Jitetee."

"Sina utetezi. Nifukuze tu."

"Astaghfirullahi! Kwa kosa la kwanza? Hili ni onyo. Na kwa kuwa usingizi unakuzidi, utafua kwa mkono, maji yakuchangamshe."

Gachanja akatia leso nyekundu kati ya mashuka meupe, yakatoka rangi ya waridi. Kikao, chai, onyo, na kuyafua upya kwa jiki mpaka yang'are. Akamwita mama mchawi mbele ya wateja. Kikao tena. "Hasira ni za shetani," akasema Bi Ruqaiya kwa upole wa kutisha, "hukuwa wewe uliyesema." Wafanyakazi wenzake wakaanza kumwonea huruma, jambo lililomchoma kuliko sabuni.

Mwezi ulipokaribia kwisha, vidole vimemchubuka, akalitupa beseni chini.

"Naacha kazi! Leo hii!"

"Bila notisi?"

"Bila chochote! Nipe pesa ya siku zangu niende."

Bi Ruqaiya akawageukia wafanyakazi. "Mmesikia?"

Wakaitikia kwa pamoja kama maamuma.

"Basi mwanangu, anayeacha kazi ghafla humlipa mwajiri mshahara wa notisi ya mwezi mmoja. Siku zako hazifiki. Zilizopungua nakusamehe, fisabilillahi."

"Nitakushtaki, mama!"

"Kanishtaki. Aliyekutangulia kwa mchezo huu nusura aniuzishe mashine. Tangu hapo nafoka, lakini sifukuzi."

Gachanja akashika njia ya stendi. Akaitazama mikono yake: myeupe, imekunjamana kama ya ajuza. Laghai aliyekula jasho la watu pwani nzima alikuwa amefanya kazi ya halali, karibu mwezi mzima, bure. Na kwa ushahidi wa Purity, aliifanya vizuri.