Mratibu Asiye na Paa

Jumatatu, 12 Januari 1998
Nimechaguliwa! Baraza la chifu, hapa nje ya Mwingi, limenifanya mratibu wa kamati ya serikali. Kazi: kuhakikisha hakuna anayelala nje baada ya mafuriko haya. Nitaunganisha ofisi ya DO (mkuu wa tarafa), watu wa ujenzi na watu wa ustawi wa jamii, ambao hata salamu hawapeani. Jirani yangu Mutie, yule wa mabati mapya, alikitaka cheo hicho. Amenipongeza kama mtu anayemeza kwinini.

DO ataleta mabati Ijumaa, ya wasio na paa peke yao. Langu ni la nyasi. Halivuji hata tone. Bahati mbaya iliyoje!

Jumanne, 13 Januari
Nimeezua nyumba mke wangu Syokau akiwa sokoni. Aliporudi nikamwambia ni upepo. Akauliza ni upepo gani unaopanga nyasi vizuri kando ya zizi. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Akabeba godoro akaenda kwa mama yake, akasema harudi mpaka aone paa.

Mvua imenyesha. Niko chini ya meza na kuku. Wananilaumu kwa macho.

Jumatano, 14 Januari
Mkutano. Ujenzi wanasema watu wasio na makao ni wa ustawi. Ustawi wanasema ni wa ujenzi. Mimi nilipiga chafya tu. Abukar, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye nyumba yake ilibebwa na mto, akauliza watoto wake watalala wapi. Nikamjibu kwamba tunaratibu.

Alhamisi, 15 Januari
Balaa! Mwethya wamekuja! Kikundi kizima cha kujengeana nyumba, nyasi vichwani, nyimbo juu. Kiongozi wao Kalondu akasema Mutie amewaambia kwamba mratibu analala na kuku ili wengine watangulie kupata mabati. Niliwasihi waende kwa Abukar kwanza. Wakalia kwa wema wangu, wakazidi kufunga kamba.

Na mwethya wakikujengea, unawalisha. Beberu wangu ameliwa mpaka masikio. Mutie ndiye aliyepanda juu kuezeka. Alinikonyeza, shetani yule.

Ijumaa, 16 Januari
DO amekuja. Akaona paa, akauliza ni nani aliyeratibu wananchi wakajenga bila hata bati moja la serikali. Kalondu akaninyooshea kidole. Makofi! Mabati yangu akapewa Abukar, akanikumbatia akilia. Nikaona aibu. Kidogo.

Halafu mwethya wakanikumbusha kwamba aliyejengewa hujengea mwenzake. Nimebeba mabati yangu mwenyewe kwa kichwa mpaka kwa Abukar.

Jumamosi, 17 Januari
Syokau amerudi. Amesifu paa.

Kosa langu nimeliona: nyumba iko mbele ya macho ya watu. Sasa nasikia serikali inaleta saruji kwa waliobomokewa na vyoo. Chetu kiko nyuma kabisa ya boma, na kimesimama imara, kijinga hiki.

Syokau ameniuliza naupeleka wapi mtaimbo. Nimemwambia ni kazi ya kamati.