Mbinu Yangu ya Kuuchukua Uenyekiti wa Kitongoji

Alhamisi, 21 Novemba 2024
Kampeni zimepamba moto hapa Isongole. Mimi, Ackson, mgombea uenyekiti wa kitongoji, nimehutubia kituo cha bodaboda saa nzima: thamani ya dola, bandari, bei ya mafuta duniani. Makofi! Kisha Bibi Anyosisye akaharibu. Akauliza kalavati la kijitoni litajengwa lini, maana tangu mvua ilibebe lile la zamani, viazi vinavushwa kichwani. Nikamjibu kwamba nazungumzia taifa. Akasema taifa halipiti pale, anayepita ni yeye.
Wakacheka. Watu wa chama kile, bila shaka.

Ijumaa, 22 Novemba
Mpinzani wangu ni jirani yangu Esnath, wa chama kile. Tangu siasa zianze Agosti hatusalimiani. Hata chumvi hatuazimani. Leo nimemwona kijitoni na futikamba, anapima. Gauni limelowa hadi magotini. Hotuba hana! Namhurumia.

Jumapili, 24 Novemba
Nimepata mbinu wakati wa mahubiri. Nitawaambia watu wa Esnath kwamba uchaguzi huu wa vitongoji si kitu, uchaguzi wenyewe ni wa mwakani. Watabaki mashambani. Watu wangu watapiga kura. Kwisha habari yake! Mke wangu Atupokile akauliza nacheka nini kanisani.

Jumanne, 26 Novemba
Nimezunguka kutwa nikitangaza kwamba uchaguzi huu si kitu. Watu wa Esnath wakaniona, wakavuka barabara. Siku hizi mtu wa chama kimoja hamsikilizi wa kingine hata akimwambia nyumba inaungua. Watu wangu lakini walinisikiliza vizuri sana. Nsajigwa, kampeni meneja wangu, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akasema kweli, uchaguzi wenyewe ni mwakani.

Jumatano, 27 Novemba
Foleni ndefu. Wote wa Esnath! Nikampigia Nsajigwa simu. Yuko shambani, anapalilia viazi, na wenzake wote.
“Mheshimiwa, si ulisema huu si kitu?” akaniambia. “Tunakusubiri ule mkubwa.”
Matokeo: Esnath 83, mimi 1. Hiyo moja niliipiga mwenyewe. Nikamtazama Atupokile. Akasema anayebeba viazi kichwani ni yeye, si dola.
Nimeumia. 

Alhamisi, 28 Novemba
Esnath amekuja asubuhi. “Ugonile, jirani,” akanisalimu, kama vile hatujawahi kununiana. Akaniomba nije kusaidia kalavati, anahitaji watu wa vyama vyote, mawe hayana bendera. Nilitaka kukataa. Nikashindwa.

Jumamosi, 7 Desemba
Kalavati limesimama! Tulibeba mawe siku tatu, chama chetu na chama kile, tukiimba. Mimi nilibeba matatu, makubwa. Bodaboda ya kwanza ilipovuka na magunia, Bibi Anyosisye alipiga vigelegele, nami nikajikuta namkumbatia mtu wa chama kile. Siku nzuri.

Jumanne, 10 Desemba
Nimegundua kosa langu: nilijishusha. Saizi yangu ni ubunge. Nimekwenda ofisi ya chama, Tukuyu. Wakasema kwanza nilete barua ya mwenyekiti wa kitongoji kuthibitisha kwamba ni mkazi na nina tabia njema. Ikabidi nimfuate Esnath. Akaandika, akasaini, akanitakia heri.
Safari nzima kwa ajili ya kikaratasi! Nikiingia bungeni, jambo la kwanza nitazifuta hizi ofisi ndogondogo. Hazina kazi.