Mtaro wa Chemchemi ya Nyarero

Jumatatu, 1 Julai

Nimefika Nyarero. Vumbi mpaka kwenye meno. Chuo kimetutawanya wawili wawili vijijini kwa wiki mbili, tuoanishe tuliyosoma darasani na shida za wananchi. Mwenzangu ni Akech. Bahati mbaya! Akech ni yule wa dawati la mbele anayeuliza swali wakati kengele imeshalia. Lakini kiongozi ni mimi. Nilijiandika kwenye fomu kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Shida yenyewe ni hii. Tangu dhahabu ionekane kilimani mwezi wa pili, watu wamemiminika kutoka Geita, Shinyanga, hata ng'ambo ya Sirari. Rashi, wanaiita. Mawe yanasagwa, yanaoshwa kwa zebaki pale mwaloni, penye madimbwi ya kuoshea, na maji yake yanateremkia kijitoni. Kijito hakinyweki tena. Kijiji kimebaki na chemchemi moja, na mwalo unazidi kuisogelea. Kazi yetu ni kuchimba mtaro juu ya chemchemi wa kuyakinga maji machafu, kisha kuzungushia miiba. Wananchi wajitolee, sisi tuwahamasishe. Mwalimu Nyangwine anakuja tarehe kumi na moja kutoa maksi.

Tumefikia kwa Mama Rahabu, mjane anayeponda mawe kwa nyundo. Binti yake Mokami amejifungua juzi. Nikamwamkia mama shikamoo, akaitika, akatuletea maji ya chemchemi. Akasema ndiyo anayokunywa Mokami na ndiyo anayomwogeshea mtoto, hivyo tumekuja wakati wake. Nilisimama nikatoa ahadi. Nilijisikia mbunge.

Jumatano, 3 Julai

Mkutano wa uhamasishaji. Saa nne kamili, ofisi ya kijiji. Hotuba yangu kurasa sita. Waliohudhuria: mwenyekiti, Mama Rahabu, na mzee mmoja aliyedhani ni habari za mbolea ya ruzuku. Wengine walikuwa njiani, ikasikika kelele kilimani kwamba duara la Makoye limetema. Hapa shimo likitema, yaani likitoa dhahabu, hata aliyeko msalani anatoka mbio. Nilisoma kurasa zote sita. Mzee alisinzia kwenye ya pili.

Nikamfuata Makoye mwenyewe. Msukuma, mkubwa wa duara, ana vijana arobaini chini yake. Nikamwomba anipe vijana hao nusu siku tu. Alicheka bila ubaya. "Mwanafunzi, sisi tunachimba penye kitu. Hapo kwenye maji kuna nini?"

Alhamisi, 4 Julai

Akech ameanza kuchimba bila kibali cha kiongozi. Yeye, Mama Rahabu na mwenyekiti. Mita tatu kutwa. Mtaro unatakiwa mita themanini! Nami nilichimba robo saa. Malengelenge mawili. Nikajiteua msimamizi.

Akech anasema mita tatu ni mita tatu, na kesho kuna mama mwingine ameahidi kuja. Hajui maksi zinatolewaje? Fomu, kipengele cha nne: idadi ya wananchi walioshiriki, na picha. Picha ya watu wanne na majembe mawili! Nitaionyesha kwa nani huko kwetu Turwa? Mwenyekiti akanipiga bega, akasema, "Vumilia, mura, kijana wangu, watakuja wakiona." Wataona nini? Udongo?

Hapo ndipo wazo lilinijia. Maneno ya Makoye. Wanachimba penye kitu.

Ijumaa, 5 Julai

Nimewachunguza wachimbaji. Ukiwaambia kuna dhahabu mahali, hawakuamini. Kila tapeli huwaambia hivyo. Wanayemwamini ni yule anayeficha.

Basi sikusema neno. Nilichota udongo wa mtaroni, konzi moja, nikaufunga kwenye leso. Nikapita mbele ya karasha la Makoye, pale wanaposaga mawe, nikitazama pembeni. Makoye akauliza nimebeba nini. Nikasema hakuna kitu. Akauliza natoka wapi. Nikasema sitoki popote. Nikaisukumia leso mfukoni, nikaongeza mwendo. Ndiyo yote. Mtu asije akasema Kornelio Heche alidanganya. Nilisema hakuna kitu, na hakikuwepo.

Jumamosi, 6 Julai

Ushindi! Nimeamshwa na milio ya sululu. Watu zaidi ya mia mbili wako chemchemini, wamejipanga wenyewe kwenye kamba tuliyopimia mtaro. Mtaro wa mita themanini umekwisha kabla ya saa tatu asubuhi! Omondi, mfanyabiashara wa Sirari, ameshusha makoleo ya kuuza, pikipiki tatu. Ananiita bosi. Akaniuliza kwa kunong'ona kama hii kitu ni ya ukweli ama ni stori tu. Nikamjibu kwamba ni ushiriki wa jamii. Akanikonyeza.

Nimepiga picha arobaini na moja. Katika zote niko mbele na jembe. Akech alisimama kando, uso umekunjamana, akaniuliza watu hawa nimewaambia nini. Nikamwambia sikuwaambia kitu. Wivu mtupu.

Mama Rahabu alilia kwa furaha. Aliwapelekea vijana uji, akamshukuru kila mmoja kwa mkono. Nami machozi yalinitoka, sifichi. Niliona kweli elimu ina faida.

Jumapili, 7 Julai

Hawaondoki. Mtaro umekwisha na bado wanachimba. Wanaupanua, wanaingia kina, wanateremka kuelekea kwenye maji. Makoye ameosha karai moja, akapata punje. Punje moja! Naapa ilibaki kwenye karai lake tangu wiki iliyopita, maana halisuuzi. Lakini watu wameiona.

Nikapanda juu ya kifusi nikatangaza kwamba hapa hakuna dhahabu. Wakatazamana. Nikapiga kelele kwamba hakuna, hakuna kabisa, waende nyumbani! Nikaona wengine wanatoa simu kuwaita ndugu zao. Mwenyekiti naye akaja, akasema eneo ni la kijiji na ni marufuku kuchimba. Basi hapo ikawa imethibitishwa. Alasiri wamefika watu wapya na maturubai yao. Kanisani, anasema Mama Rahabu, mchungaji amehubiria viti na wanakwaya watatu.

Akech alisimama mbele ya jicho la maji kutwa nzima, amenyoosha mikono. Hawakumgusa. Walimwambia tu, "Samahani, dada, sogea kidogo." Wakachimba kila upande wake.

Jumanne, 9 Julai

Chemchemi imekufa. Sina namna nyingine ya kuiandika. Jana ilitoa tope. Leo asubuhi tone moja moja, mchana hakuna. Maji yamepotelea kwenye mashimo, na kwenye mashimo wameshaanza kuoshea kwa zebaki.

Wanawake walikuja na ndoo, wakasimama. Waligeuka mmoja mmoja wakateremka kijitoni. Mokami naye, mtoto mgongoni. Akech alimkimbilia akamweleza kwamba maji yale hata yakichemshwa zebaki haitoki. Mokami akamuuliza, sasa anywe nini? Mimi nilitazama viatu vyangu.

Akech ameshajua. Makoye alimsimulia habari ya leso, akinisifu kwamba nina siri kama mchimbaji wa miaka ishirini. Ameniambia nimweleze Mama Rahabu leo hii, la sivyo atamweleza yeye.

Nilimkuta Mama Rahabu ameketi na nyundo yake, haipondi. Kabla sijafungua mdomo, akasema, "Pole, mwanangu. Wamekuharibia kazi yako." Aliyasema kwa huruma kabisa. Moyo uliniuma, uliniuma sana. Nilitaka kumwambia. Nikasema asante.

Alhamisi, 11 Julai

Mwalimu Nyangwine amefika. Alitembea kwenye mashimo yote. Nikampa ripoti yangu, kurasa thelathini, picha za rangi. "Ushiriki wa Jamii kwa Asilimia Mia." Akazitazama picha moja baada ya nyingine. Kisha akauliza wananchi wanachota maji wapi sasa. Nikajibu kwamba swali hilo liko nje ya malengo mahususi. Akavua miwani akaifuta.

Ripoti ya Akech ilikuwa nusu ukurasa. Tuliombwa kuilinda chemchemi, haipo tena, nasi tumechangia. Tumechangia! Hata yeye kajiandika. Sikumwelewa. Akamwambia Mwalimu kwamba harudi nyumbani likizo hii. Ameazima baiskeli ya mwenyekiti, anachota maji kwenye kisima cha shule, kilomita sita, madumu manne kwa safari, la kwanza ni la Mokami. Na ameandika barua ya kuomba kisima kirefu, kijiji kizima kimetia saini, hata Makoye. Mwalimu alimpa mkono. Mimi nimefeli. Nitarudia mazoezi peke yangu, Robanda.

Mama Rahabu ameshaambiwa. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa. Hakunitukana. Alinijazia chupa ya maji yale ya baiskeli, akasema njia ni ndefu na jua ni kali. Wala hakuniita mwanangu. Nilitembea nikilia mpaka barabarani, nikajiapiza sitayagusa maji yale. Kisha nikayanywa yote.

Jumatatu, 22 Julai

Robanda. Hapa shida ni tembo. Wanatoka hifadhini, wanamaliza mahindi na mtama. Kazi yangu ni kuhamasisha wananchi wafunge uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Mkutano wa kwanza walikuja watano. Mmoja alikuwa amepotea njia.

Nimetafakari sana yaliyotokea Nyarero. Siku kumi nimelala nayo na kuamka nayo. Na kosa nimeliona, naliandika hapa nisilisahau: kosa lilikuwa dhahabu. Dhahabu inachimbwa, na penye kuchimba lazima kitu kiharibike. Hapa hakuna dhahabu. Watu wa hapa wanachotaka ni ajira kwenye kambi za watalii, na ajira haichimbwi.

Kwa hiyo leo nimeulizwa sokoni kama ni kweli kuna kambi mpya inakuja, na kama watakaofunga uzio ndio watakaoajiriwa. Nikasema mimi si msemaji. Nikatabasamu kidogo tu.

Mpaka saa hizi wamejiandikisha mia moja na kumi na wawili. Wa kwanza ni Nathan, mpishi wa kambi ya zamani, ana watoto wanne. Ameacha kazi leo mchana ili awahi nafasi. Kesho nitampanga katikati ya picha.